Trekta la Mvuke na Haki Yake ya Barabara

Hoja nitakayoitetea jioni ya leo ni hii: trekta la mvuke lililoundwa zaidi ya miaka mia iliyopita, lenye tani kumi za chuma na moto uwakao ndani, linastahili kuendelea kupita katika barabara za umma pamoja na malori, mabasi na baiskeli. Siliombei ruhusa hiyo kwa kulionea huruma. Naiomba kwa sababu barabara ndiyo mahali ambapo ujuzi wa kuliendesha unafunzwa na kupimwa, na ujuzi huo ukifa tutabaki na chuma kilichopakwa rangi. Sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu Uingereza, kwa kuwa huko ndiko mashine hizi zilikokuzwa, ndiko nyingi zilikobaki, na ndiko sheria bado inakoziruhusu kutoka nje ya lango. Lakini hoja yenyewe itatupitisha kwenye mchanga wa Namib na misitu ya Katanga, na mwishoni itabisha hodi kwetu.

Tuanze na mashine yenyewe. Kabla ya petroli na dizeli, wakulima wa Uingereza walikuwa na injini za mvuke za kupuria nafaka. Injini hizo zilikuwa na nguvu ya kuzungusha mashine ya kupura kutwa nzima, ila hazikuweza kujisogeza hata hatua moja. Zilikokotwa na farasi kutoka shamba hadi shamba. Mwaka 1859 Thomas Aveling wa Rochester, mkoani Kent, alichukua injini ya namna hiyo iliyotengenezwa na Clayton & Shuttleworth wa Lincoln, akaifunga mnyororo kutoka kwenye krenki hadi ekseli ya nyuma, ikaenda yenyewe. Kwa muda farasi mmoja alibaki mbele, si kwa kuvuta bali kwa kuiongoza, maana usukani wa kutosheleza ulikuwa bado haujabuniwa. Baada ya hapo viwanda vikafuatana: Aveling & Porter huko Rochester, Burrell huko Thetford, Fowler huko Leeds, Garrett huko Leiston, Marshall huko Gainsborough. Yakatoka matrekta ya shambani, injini za kulimia zilizovuta plau kwa waya mrefu wa chuma kutoka pembe moja ya shamba hadi nyingine, injini za barabarani za kukokota mizigo mizito, rola za kushindilia kokoto, na zile za watu wa maonyesho, zenye nguzo za shaba zilizosokotwa na dainamo mbele ya bomba la moshi, zilizovuta mabembea na taa kutoka mji hadi mji. Zote zina mpangilio unaofanana. Boila limelala kwa urefu mbele ya dereva; tanuru liko nyuma, karibu na miguu yake; silinda zimekaa juu ya boila; ubavuni flaiwili inazunguka nje, wazi, mbele ya macho ya kila mpita njia.

Barabara haikuipokea mashine hii kwa moyo mkunjufu. Sheria ya mwaka 1861 iliruhusu mwendo wa maili 10 kwa saa nje ya miji na maili 5 ndani yake. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1865, Bunge likabana: maili 4 nje ya miji, maili 2 mijini, watu watatu wa kuihudumia, na mmoja wao atangulie kwa miguu umbali wa yadi 60 akiwa na bendera nyekundu. Mwaka 1878 bendera iliondolewa katika masharti ya lazima na umbali wa mtangulizi ukapunguzwa hadi yadi 20. Na mwaka 1896 magari mepesi, yaliyokuwa chini ya tani 3, yakafunguliwa kamba. Wengi huisimulia sheria ya 1865 kama upumbavu wa wazee walioogopa maendeleo. Mimi naisoma tofauti kidogo. Ndani yake mlikuwa na woga, na mlikuwa na masilahi ya wenye farasi na wenye barabara za kulipia, hilo halina ubishi. Lakini waliotunga sheria waliona jambo moja sahihi, kwamba chombo hiki hakiendeshwi na mtu mmoja, na kwamba usalama wake unategemea watu wanaokizunguka kuliko chuma chake. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba dawa ya mashine ngumu ni kuizuia isitembee, badala ya kumtaka anayeiendesha awe anaijua. Kosa hilo linarudi leo katika vazi jipya, nalo ndilo ninalotaka kulijibu.

Ili tuelewane juu ya ujuzi ninaousema, hebu tuupande mlima mmoja na trekta hili, hatua kwa hatua. Boila lina maji, na katikati ya maji hayo limo tanuru. Dari la tanuru ni bamba la chuma ambalo upande wa chini linapigwa na moto na upande wa juu limefunikwa na maji. Maji hayo ndiyo yanayolinda chuma kisilainike. Dereva anayaona kupitia kioo chembamba kilichosimama mbele ya uso wake: maji yakiwa nusu ya kioo, dari limefunikwa vizuri. Sasa trekta linaanza kupanda. Pua imeinuka, mkia umeshuka, maji yanarudi nyuma, na kwa kuwa kioo kiko nyuma, kinaonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Wakati huohuo injini inakula mvuke kwa pupa, na maji ya kweli yanapungua. Dereva mgeni ataangalia kioo, atafurahi, ataendelea. Kisha trekta linafika kileleni, linainamisha pua kuteremka upande wa pili, na maji yote yanakimbilia mbele, upande wa bomba la moshi. Kioo kinakauka kwa ghafla, na dari la tanuru liko uchi juu ya moto mkali. Kwa hiyo dereva anayejua hujaza maji kabla ya kilele. Lakini maji yanayoingia ni baridi kuliko yaliyomo. Yanashusha mvuke papo hapo, wakati ambapo mlima unadai mvuke wote. Akijaza mapema mno, trekta linakwama katikati ya mwinuko na mzigo mgongoni. Akichelewa, anafika juu na boila lenye kiu. Jibu la fumbo hilo halimo kwenye kitabu chochote, kwa sababu kila mlima una urefu wake, kila mzigo una uzito wake, na kila gunia la makaa lina moto wake. Jibu liko katika masikio yanayosikiliza mpumuo wa bomba la moshi, na katika kumbukumbu ya milima iliyotangulia.

Kuteremka nako kuna elimu yake. Matrekta mengi ya mvuke yana gia mbili, nayo hubadilishwa chombo kikiwa kimesimama. Dereva wa lori akikosea gia mteremkoni anaweza kujiokoa. Huyu wa mvuke hana nafasi hiyo. Pale ambapo meno ya gia moja yameachana na ya nyingine hayajashikana, injini haina tena uhusiano na magurudumu, na tani kumi zinabaki mikononi mwa breki ya kuzungusha kwa mkono. Ndiyo maana gia ya chini huchaguliwa juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, na gurudumu huwekewa kigingi kwanza. Baada ya hapo dereva hufunga mvuke na kuiacha injini yenyewe iuzuie mwendo. Ikibidi, huivuta rivasi ili pistoni zipingane na mzunguko wa magurudumu. Wakati wote huo yeye hashiki usukani. Usukani uko kwa mtu wa pili, ambaye huzungusha gurudumu dogo linalovuta minyororo miwili iliyofungwa kwenye ekseli ya mbele. Minyororo hiyo ina ulegevu, na kona moja hudai mizunguko mingi ya mkono, hivyo mshika usukani huanza kukata kona kabla haijafika na huanza kunyoosha kabla haijaisha. Mabaharia wa pwani yetu wataelewa upesi: ni kama nahodha na mshika sukani katika jahazi, ambapo mmoja anasoma upepo na kuamuru, mwingine ameshika usukani na macho yake hayatoki mbele, na chombo hakifiki kama hawaelewani bila maneno mengi. Tofauti ni kwamba hapa dereva mwenyewe anatazama moto, maji, mvuke na kilainishi, na boila refu limemkata macho asione sehemu kubwa ya barabara iliyo mbele yake. Anaona kwa macho ya mwenziwe.

Kisha kuna maji. Trekta la mvuke halirudishi mvuke wake. Kila mpumuo wa bomba ni maji yaliyotoka na hayatarudi. Baada ya maili kadhaa tangi linakuwa tupu, na lazima liwepo bwawa, kijito au bomba la kuchotea. Wazee wa kazi hii walizijua barabara za mikoa yao kwa vijito, na hadi leo safari ya trekta hupangwa kwa kuuliza kwanza maji yapo wapi. Palipokosekana maji, mashine ilishindwa hata kama ilikuwa nzima. Mwaka 1896 Luteni Edmund Troost alilileta Swakopmund, katika nchi ambayo leo ni Namibia, trekta la mvuke lililoundwa Halberstadt, Ujerumani, ili livushe mizigo katika jangwa la Namib badala ya mikokoteni ya ng'ombe. Mchanga ulilizamisha na kiu ikalimaliza. Liliachwa nje ya mji, wenyeji wakalipa jina la Martin Luther, na hadi leo limehifadhiwa hapo.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni wa mwaka 1915. Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani ziwa Tanganyika, wakaamua kupeleka huko mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Mashua hizo zilitoka London kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Fungurume katika Katanga, na hapo reli ikaisha. Mbele palikuwa na maili zaidi ya 140 za msitu na milima ya Mitumba kabla ya kuikuta reli nyingine huko Sankisia. Kazi hiyo ilipewa matrekta mawili ya mvuke, pamoja na makundi ya ng'ombe. Barabara ilikatwa kwa mikono, madaraja ya magogo yakajengwa zaidi ya mia, na pale ambapo mwinuko uliwashinda wote, mashua ziliinuliwa kwa kamba na winchi. Katika sehemu kavu, matrekta yalisimama kwa kukosa maji, na wanawake wa vijiji vya huko wakayabeba maji vichwani kuja kuyanywesha. Nalitaja hili kwa makusudi. Katika vitabu vya vita hivyo utasoma majina ya maofisa na majina ya mashua. Utasoma jinsi meli ya Kingani ilivyotekwa tarehe 26 Desemba 1915 na jinsi Hedwig von Wissmann ilivyozamishwa tarehe 9 Februari 1916. Kina mama waliobeba maji hawana majina. Bila maji yao yale matrekta yangekuwa vyuma vilivyosimama porini, na mashua zingeliona ziwa kwenye ramani tu. Anayejua jinsi trekta la mvuke linavyokunywa ndiye anayeweza kuisoma historia hiyo na kuona nani hasa aliyefanya kazi. Asiyejua atadhani injini ilifika kwa nguvu zake.

Hapa ndipo ninapokutana na pingamizi la kwanza, tena lenye heshima: kwa nini mashine hizi zisikae kwenye makumbusho na kwenye viwanja vya maonyesho, ambako kila mtu anaweza kuziona bila kumsumbua yeyote? Jibu liko katika yale niliyokwisha kueleza. Uwanja ni tambarare. Katika uwanja hakuna kilele, hakuna mteremko wa nusu maili, maji yako hatua hamsini kutoka hapo, na kona ni ile ile kila mzunguko. Dereva anaweza kuzunguka uwanjani miaka kumi na asijifunze jambo hata moja kati ya yale yanayomtenganisha dereva na mtu aliyevaa ovaroli. Historia ya uhifadhi wenyewe inanithibitishia hili. Baada ya mwaka 1933, serikali ya Uingereza ilipopandisha ada za magari mazito kufuatana na uzito wao, magari ya mvuke yalipoteza biashara, na baada ya vita kuu ya pili yaliuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mwaka 1950, huko Appleford, watu wawili, Arthur Napper na Miles Chetwynd-Stapylton, walishindanisha matrekta yao kwa kuwekeana dau la pipa la bia. Watu wakaja kutazama, mashindano yakaendelea miaka iliyofuata, na mwaka 1954 chama cha kitaifa cha wenye matrekta ya mvuke kikaundwa. Chama hicho kiliweza kuundwa kwa sababu waliokuwa wameyaendesha barabarani kwa kulipwa walikuwa bado hai, na walipanda wakawaonyesha vijana. Ujuzi ulihama kutoka mkono hadi mkono. Tamasha kubwa la Dorset lililoanzishwa mwaka 1969 lilipata sifa kwa sababu hiyo hiyo: injini zilipewa kazi za kweli za kuvuta magogo na kupanda kilima. Waandaaji wenyewe walijua kwamba trekta lisilopewa mzigo halifundishi.

Pingamizi la pili ni la usalama, na sitalipunguza uzito. Maji yaliyo ndani ya boila lenye mvuke wa pauni 150 kwa kila inchi ya mraba yana joto la karibu nyuzi 185 za Selsiasi. Hayachemki kwa sababu yamebanwa. Bamba likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mara moja, na maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida huvimba zaidi ya mara 1,600. Tarehe 29 Julai 2001, huko Medina katika jimbo la Ohio, Marekani, trekta la mvuke la kampuni ya Case lililipuka likiwa limefika kwenye uwanja wa maonyesho, na watu 5 wakafa. Uchunguzi ulikuta maji yalikuwa yamepungua, bamba la dari la tanuru lilikuwa limelika na kuwa jembamba, na plagi ya risasi, ambayo kazi yake ni kuyeyuka na kuzima moto maji yanapokosekana, haikufanya kazi hiyo ipasavyo. Je, ajali hiyo inatoa hoja ya kuyaondoa matrekta barabarani? Tazameni kilicholipuka. Halikuua kwa kugongana na gari wala kwa kushindwa kona. Liliua kwa sababu boila halikuwa limekaguliwa inavyopasa, na lingeweza kuua hivyo hivyo likiwa halijawahi kukanyaga lami. Hata gari la kwanza la mvuke la mvumbuzi Richard Trevithick, lililopanda kilima cha Camborne mkesha wa Krismasi mwaka 1801, halikuteketea njiani likiwa linatembea. Siku chache baadaye lilipata hitilafu, likasukumwa bandani, wenyewe wakaenda kula, moto ukaachwa unawaka, maji yakaisha, likaungua pamoja na banda lake. Hatari ya boila ni kusahauliwa, na boila husahaulika kwa urahisi zaidi likiwa limeegeshwa.

Ohio walifanya jambo la busara baada ya msiba ule: hawakupiga marufuku, waliweka utaratibu wa kukagua maboila ya kihistoria na kuwapa leseni wanaoyaendesha. Uingereza ina kanuni za mitambo ya mgandamizo za mwaka 2000, zinazotaka kila boila liwe na mpango wa maandishi wa ukaguzi na lipitiwe na mkaguzi mwenye sifa, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, likiwa baridi na kisha likiwa na mvuke. Kwa upande wa leseni, rola ya mvuke haiendeshwi barabarani na mtu aliye chini ya miaka 21. Napendekeza tukazie hapo. Mtu anayekwenda barabarani ana sababu ya kuwasha moto, kusafisha mabomba, kubadilisha plagi ya risasi, kuchunguza valvu ya usalama, na kumwita mkaguzi. Anayeliweka bandani kwa miaka mitano kisha akaliwasha kwa sherehe ya harusi ya mwanawe ndiye anayenitia hofu.

Pingamizi la tatu ni foleni, na hili nitalipita upesi. Ni kweli kwamba trekta linalokwenda maili 5 kwa saa humchelewesha aliye nyuma yake. Humchelewesha vilevile mashine ya kuvunia ngano, kundi la ng'ombe, na lori lililobeba bawa la mtambo wa upepo. Wenye matrekta hawaingii barabara kuu za mwendo kasi. Safari ndefu hubebwa juu ya trela, na vipande vya barabara za mashambani ndivyo vinavyoendeshwa, aghalabu asubuhi ya siku ya mapumziko, kwa kuegea pembeni kila nafasi inapopatikana ili wengine wapite. Magurudumu ya chuma huvalishwa mpira ili yasikwaruze lami. Na lami yenyewe, tusisahau, ilishindiliwa kwa miongo mingi na rola za mvuke, zile za Aveling & Porter zikiwa zinajulikana kuliko zote. Barabara ni ya umma, na umma una shughuli nyingi. Kasi ni moja tu kati yake.

Pingamizi la nne ndilo linalonisumbua zaidi, nalo ni makaa ya mawe. Uingereza ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, na kabla ya hapo, Novemba 2023, mgodi wa Ffos-y-Fran wa Wales uliacha kuchimba. Nchi inapojitoa kwenye makaa kwa ajili ya hewa ya wajukuu wetu sote, kuna haki gani ya kuyachoma kwa mashine ambazo kazi yake ilikwisha? Najibu kwanza kwa kipimo. Kituo kile kilipofanya kazi kwa nguvu zake zote kiliteketeza maelfu ya tani kwa siku. Trekta linalosafiri siku nzima linachoma mamia ya kilo, kwa siku chache katika mwaka. Kipimo hicho kinapunguza lawama bila kuifuta, na sitaki kujificha nyuma yake. Najibu pili kwamba ujuzi wa moto hauhitaji makaa ya mgodi peke yake. Yapo madonge ya kutengenezwa, yanayochanganywa na mabaki ya mimea, na wenye injini wamekwisha kuyajaribu. Moto wake unatofautiana: unaweza kutaka tabaka la unene mwingine tanurini, na hewa iingie kwa namna nyingine. Lakini hayo ndiyo mambo ambayo mchochezi hodari amekuwa akiyapima tangu zamani, maana hata makaa ya Wales, yenye moshi mdogo na joto jingi, hayakuwaka sawa na ya Yorkshire. Wenye matrekta wana wajibu wa kulifanya badiliko hilo wenyewe, mapema, bila kusubiri kulazimishwa. Wakishindwa, watakuwa wamewapa wapinzani wao hoja ambayo mimi sitaweza kuijibu.

Limebaki pingamizi la kwetu sisi: haya ni mambo ya Wazungu na vyuma vyao, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mvuke uliwahi kuwa kazi yetu. Meli ya Graf von Götzen, ya Wajerumani katika ziwa lile lile la Tanganyika, bado ipo kwa jina la Liemba, na ilitembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli. Injini 34 za daraja la 59 za reli ya Afrika Mashariki, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 na jina la mlima wetu mmoja, zilipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi hadi zilipostaafishwa, za mwisho kufikia mwaka 1980. Waliochochea moto wake na waliozitengeneza katika karakana za Nairobi walijua jambo lile lile la maji, kilele na dari la tanuru, na walilijua kwa Kiswahili. Walikuwa na maneno yao kwa kila sehemu ya kazi. Walioanza kazi wakiwa vijana katika miaka ya mwisho ya mvuke sasa wamepita miaka sitini na mitano, na wengi wa waliowafunza wametangulia mbele ya haki.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanaitunza injini ya 5918, Mount Gelai, pamoja na nyingine ndogo. Baadhi ya injini hizo ziliwahi kutengenezwa na kutembea tena relini miaka mingi baada ya kustaafu, kwa hiyo hakuna awezaye kusema haiwezekani. Naviomba vyuo vyetu vya ufundi vifanye mambo mawili mwaka huu. La kwanza, viwatafute wachochezi na mafundi wa boila waliobaki, Mombasa, Voi, Nairobi, Tabora na Kigoma, na kurekodi maelezo yao kwa Kiswahili wakiwa mbele ya mashine, wakionyesha kwa mikono. La pili, vishirikiane na makumbusho kukagua boila moja dogo kwa kanuni za leo, kuliwasha, na kuwakabidhi wanafunzi beleshi huku mzee mmoja amesimama kando yao. Fedha za kukarabati injini kubwa zinaweza kutafutwa baadaye. Wazee hao hawawezi kusubiri bajeti ijayo.